Nani Anabonyeza Ruhusu

Nyumbani,
6 Februari

Dada mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kama huumwi ila umechoka tu, basi ikukute umekaa. Sisi hatujambo. Mama anakula, anasoma magazeti yake, na bado anawasahihisha watangazaji wa redio. Bati la jikoni lililokuwa likivuja limezibwa. Jirani mshonaji amejifungua msichana, na baba mwenye nyumba anaendelea kugombana na dunia nzima kuhusu geti. Mimi nimethibitishwa kazini. Sasa ni karani kamili wa masijala ya ardhi: nina meza yangu, nina mhuri wangu, na nina kiti ambacho mguu wake mmoja nimeufunga kamba.

Utashangaa kupata karatasi badala ya ujumbe wa simu. Nakuomba univumilie, na ujibu kwa karatasi vilevile. Jumapili ukipiga, tuongee ya kawaida tu, maana Mama huwa pembeni yangu na kompyuta iko chumba hicho hicho. Simu yangu nayo niliwahi kuichomeka kwenye kompyuta hiyo ili nihamishe picha. Siku hizi siamini kitu chochote chenye waya.

Jambo lenyewe ni hili. Ile kompyuta uliyomnunulia Mama, ukaifunga mwenyewe sebuleni ulipokuja mara ya mwisho, ina programu ya ulinzi. Unaikumbuka ile ngao ndogo kwenye kona ya skrini. Siku zote ilikuwa ya kijani, na mimi nikiiona nilikuwa nalala vizuri. Mwezi uliopita ilijisasisha, na tangu hapo imechanganyikiwa. Asubuhi natoka ikiwa ya kijani, jioni narudi ni nyekundu. Feni inavuma kama inataka kupaa. Mama akifungua gazeti lake la mtandaoni, anaweza kwenda kuchemsha chai na kurudi kabla ukurasa haujatokea. Nimezima nikawasha. Nimeiambia ikague kompyuta nzima. Ilikagua tangu narudi kutoka kazini mpaka Mama ananiita mezani, kisha ikanionyesha onyo: kuna programu inayofanya kazi kwa siri, imewekwa karantini. Nikashukuru, nikaona yameisha. Kesho yake jioni programu ile ilikuwa imeshatoka karantini, inaendelea na shughuli zake, na pembeni ya jina lake pameandikwa: Imeruhusiwa.

Dada, mimi sikuiruhusu.

Najua utasema naogopa hata kivuli changu. Lakini mpiga chapa wa ghorofa ya chini alileta kirusi ofisini kwenye flashi yake, na majalada ya watu yakakataa kufunguka. Mkuu wa masijala alitupanga wote koridoni akasema, "Atakayeniletea tena uchafu wa nyumbani kwake, asisubiri barua. Achukue mkoba wake." Mpiga chapa alichukua mkoba wake mbele yetu. Na fomu zangu za kuthibitishwa mimi niliziandikia kwenye kompyuta ya Mama, nikazipeleka ofisini kwa flashi.

Tena si flashi tu. Mama anashinda peke yake humu ndani mchana kutwa. Nikiwa kazini huwa nawaza kwamba kuna mtu amekaa naye sebuleni, na yeye hamwoni.

Nifanye nini? Na unakuja lini? Mama hajanituma nikuulize. Nauliza mwenyewe.

Mdogo wako,
Mhuri


Kazini,
1 Machi

Mhuri wangu,

Marahaba. Nimecheka peke yangu kwa hicho kiti chenye kamba, mpaka mwenzangu wa zamu akauliza nimepata barua ya nani. Hongera sana. Sasa watu watakuita mheshimiwa, na wewe utaitika huku unatetemeka.

Huku ughaibuni baridi imekaza. Wazee wangu wa hapa kwenye makao wanaendelea. Yule mwalimu mstaafu bado ananiita kwa jina la binti yake, na siku hizi naitika. Bibi wa chumba cha mwisho ametutoka. Nilitandua kitanda chake asubuhi, na kabla ya jua kuzama kilikuwa na mtu mwingine. Ndiyo kazi. Mikono yangu imekauka kwa sabuni, ukiiona utadhani nafua nguo za jeshi.

Kuhusu kompyuta, punguza hofu. Programu za ulinzi zikishasasishwa huwa na kiherehere, zinabwekea mpaka wenye nyumba. Fanya hivi: fungua hiyo ngao, nenda kwenye mipangilio, tafuta orodha ya programu zinazoaminiwa, iingize hiyo humo, halafu zima na kuwasha. Feni itatulia. Zinapigana zenyewe kwa zenyewe, ndiyo maana kompyuta inachoka. Si kila kinachogusa kamera ni mwizi. Flashi yako itupe, nunua nyingine, na ya kazini isifike nyumbani. Wala usimpelekee fundi. Mafundi wa mtaani dawa yao ni moja, kufuta kila kitu, na Mama atapoteza picha zake na mchezo wake wa karata.

Habari ya kuja, tutaona. Kuna mambo ya vibali hapa ambayo siwezi kuyamaliza kwenye karatasi.

Nisalimie jirani. Mtoto mchanga mzuri?

Dada yako


Nyumbani,
22 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Mtoto wa jirani ni mzuri, analia kama king'ora. Mama alikwenda kumpakata akarudi amechoka, akasema vitoto vya siku hizi vizito. Sisi wengine wazima.

Barua yako niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena. Umeandika habari ya kamera. Nimejaribu sana kukumbuka kama mimi nilikuandikia kitu chochote kuhusu kamera, na sikumbuki. Labda niliandika nikasahau. Ila kazi yangu mimi ni kukumbuka jalada gani liko rafu gani.

Nisamehe, sikuiingiza kwenye orodha ya zinazoaminiwa. Mkono ulikataa. Nilibeba kompyuta kwenye shuka mpaka kwa fundi, yule mwenye kibanda karibu na duka la dawa, ambaye wateja wanamwita Daktari. Aliifungua, akaitazama, akanitazama.

"Unaishi na nani?"

"Na mama yangu."

"Basi ama wewe unamchungulia mama, ama mama anakuchungulia wewe." Watu waliokuwa kwenye benchi walicheka. Aliponiona sicheki akashusha sauti. "Sikia, mdogo wangu. Hii kitu inachukua picha ya kamera inaipeleka nje. Na haipeleki hovyo. Mchana tu, muda mfupi, basi. Mwizi gani huyu mwenye saa ya chakula?"

"Unaweza kuitoa?"

"Natoa mpaka jina lako. Nifute yote, uanze upya kama ulizaliwa leo?"

Nilikataa kwa sababu ya picha za Mama. Akaiweka karantini tena na kunionyesha jinsi ya kubadilisha paswedi. Nikabadilisha, nikampa Mama mpya, kwa kuwa bila paswedi hawezi kusoma gazeti. Juu ya kamera nikabandika plasta ya kidonda.

Kesho yake narudi: Imeruhusiwa. Na plasta haipo.

"Mama, plasta iko wapi?"

"Ilidondoka yenyewe. Gundi za siku hizi ni mate tu."

Nikabandika nyingine. Nayo ikadondoka. Nikabadilisha kufuli ya mlango wa mbele, nikiamini sasa kwamba kuna mtu anaingia nyumbani mchana Mama akiwa amesinzia. Ofisini nimeanza kukosea. Juzi nilipiga mhuri wa "Imepokelewa" kwenye karatasi ya kufungia vitafunio, na Mkuu aliiona. Aliniangalia tu kama alivyomwangalia mpiga chapa.

Dada, nakuuliza kwa heshima, na ukitaka usinijibu. Huyo mtu mwenye saa ya chakula, unamfahamu?

Mdogo wako,
Mhuri


Kazini,
15 Aprili

Mdogo wangu,

Nimechelewa kujibu. Nilikuwa naanza barua naitupa. Jumapili zote hizo tumeongea habari za mvua, na wewe umenisaidia kuongea habari za mvua, ahsante.

Ni mimi.

Hapa kazini, kwenye chumba cha zamu, kuna skrini ukutani. Kila mzee ana kidirisha chake. Anayeanguka tunamwona, anayelia tunamwona, hata anayejifunika vibaya tunamwona na kwenda kumfunika. Wana wao wapo mbali, wanajua kuna mtu anawaangalia wazazi wao, na mtu huyo ni mimi. Nikakaa nikajiuliza mbona wa kwangu hana kidirisha. Nilipokuja nyumbani na kompyuta ile, wewe na Mama mlikwenda sokoni, nikaiweka programu hiyo. Nilitaka kuwaambia mkirudi. Mama alirudi amefurahi sana na kikapu chake, nikashindwa.

Sijarekodi chochote, sisikilizi chochote. Wakati wa chakula naenda kukaa kwenye ngazi za nyuma na simu yangu, naangalia kidogo, basi. Namwona amekaa wima, nywele zimechanwa, blauzi imepigwa pasi, hereni sikioni, anasoma. Hajawahi hata kupiga miayo. Nikishamwona hivyo narudi ndani, na naweza kuwageuza wazee wa watu kwa mikono laini. Siku nisipomwona, Mhuri, mikono yangu inakuwa migumu. Wazee wanalalamika.

Nimekosa. Ningekuwa wewe ningekasirika. Nakuomba tu usimwambie. Mama alikuwa opereta wa simu maisha yake yote, na unajua alivyokuwa akijivunia kwamba hakuwahi kusikiliza laini ya mtu. Akijua mwanawe anachungulia, sijui atanitazamaje.

Lakini nisikilize vizuri sasa. Ukishaifungia hiyo programu karantini, mimi naona giza. Sina namna ya kuitoa kutoka huku. Ngao hiyo hainitii mimi. Kila ulipoifunga nilikaa kwenye ngazi nikitazama giza, na kabla saa ya chakula haijaisha mwanga ukarudi, nikadhani umenitii, nikakushukuru moyoni. Kumbe si wewe.

Kama si wewe unayebonyeza Ruhusu, mimi pia sijui ni nani. Sasa na mimi naogopa.

Dada yako


Nyumbani,
10 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimepata barua yako. Hasira nilikuwa nayo, nimekaa nayo siku kadhaa kazini, nikapanga nayo majalada mpaka ikapungua. Nilikuwa nimekuandalia maneno makali yaliyonyooka vizuri. Sitayaandika, kwa sababu kuna jambo limetokea ambalo linayapita.

Alhamisi umeme ulikatika ofisini. Masijala haina madirisha, hatuwezi kusoma namba gizani, kwa hiyo Mkuu aliturudisha nyumbani. Nilifika mchana. Nilifungua ile kufuli mpya polepole, kwa kuwa baada ya barua yako nilikuwa na uhakika nitamkuta mtu.

Nilimkuta Mama. Amekaa mbele ya kompyuta, amevaa blauzi ya kijani yenye ukosi, hereni, nywele zimechanwa kama anakwenda kupiga picha ya pasipoti. Ngao ilikuwa nyekundu. Mkono wake ulikuwa kwenye kipanya, na mbele ya macho yangu, bila haraka, kama mtu aliyezoea, akaandika paswedi na kubonyeza Ruhusu. Kitaa kidogo cha kamera kikawaka. Ndipo akaweka gazeti sawa kwenye skrini na kuketi wima.

Akanisikia. Hakugeuka.

"Umefukuzwa kazi?"

"Umeme umekatika. Mama, unafanya nini?"

"Usije huku mbele, utaonekana. Kaa hapo hapo mlangoni. Namfungulia dada yako."

Nikakaa chini pale mlangoni. Aliendelea kusoma gazeti, anageuza ukurasa, na alipozungumza midomo yake ilicheza kidogo sana.

"Jioni unamfungia mlango, mchana mimi namfungulia. Nimechoka na mchezo huo. Nilitaka nikwambie, nikaona wewe na hofu zako utaharibu."

"Ulijuaje kama ni yeye?"

"Nimekaa na nyaya za watu masikioni tangu sijaolewa. Mtu wa tatu akiingia kwenye laini, hata asipohema, unamjua. Kile kitaa kilipowaka mara ya kwanza nikasema, haya, kuna mtu. Nikataka kuzima. Halafu Jumapili dada yako ananiambia, 'Mama, ile blauzi ya kijani inakupendeza.' Nimeivaa juzi yake tu, humu ndani, sijatoka nayo. Nikasema basi, ni wangu. Aingie."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Angeona aibu, angeacha. Wewe ungependa aache?"

Nilikuwa chini sakafuni, na kwa kuwa nilikuwa chini niliona kitu ambacho wewe huwezi kukiona na mimi nilikuwa sijakiona. Chini ya meza kulikuwa na beseni. Miguu yake ilikuwa ndani ya maji. Dada, ile si miguu ya Mama. Imevimba mpaka vifundo havionekani, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, na rangi yake sitaki kuiandika.

"Mama, miguu hiyo."

"Haionekani. Nilijitazama humo kwenye kamera, inaishia hapa." Akagusa kifua chake juu kidogo ya meza. "Chini ni kwangu."

Kitaa kikazimika. Saa yako ya chakula ilikuwa imekwisha. Hapo hapo mgongo wake ulilegea, kama kamba iliyokatika, akaweka paji la uso kwenye meza na kuhema. Alihema muda mrefu. Nikajua kwamba magauni marefu anayovaa jioni si kwa sababu ya mbu, na kwamba mtoto wa jirani hakuwa mzito.

Amekubali kwenda hospitali Jumatatu, kwa sharti kwamba nisikwambie. Nimemwahidi. Ahadi hiyo naivunja kwa barua hii.

Sasa sijui nifanye nini na programu hii. Nikiifuta, nakufumba macho. Nikiiacha, kila mchana atavaa, atakaa wima na kukuonyesha mtu ambaye hayupo. Nguvu alizo nazo kidogo anazimalizia hapo.

Mhuri


Nyumbani,
7 Juni

Dada,

Shikamoo. Hujajibu, na Jumapili hujapiga. Mama anasema labda zamu zimebadilika. Anakaa karibu na simu, lakini haitazami.

Tulikwenda hospitali. Daktari ni mama mmoja wa makamo, hapambi maneno. Alibonyeza mguu kwa kidole na shimo likabaki. Akamsikiliza kifua, akampeleka kwenye mashine, kisha akatukalisha. Moyo umepanuka na umechoka, maji yanarudi mwilini. Vidonge vitapunguza maji, havitarudisha moyo. Alimuuliza Mama tangu lini.

"Kidogo tu," Mama akasema.

"Mama yangu, mguu huu si wa kidogo tu. Ungekuja mwaka jana tungekuwa tunaongea mengine." Akanigeukia mimi. "Nyumbani hakuna anayemwangalia?"

Nilitaka kusema tupo wawili tunaomwangalia. Nimekuandikia hili si kwa kukuchoma. Mimi ndiye ninayelala naye nyumba moja, na nilikuwa nikiangalia ngao.

Kazini niliomba ruhusa. Nilijiandaa kuambiwa nichukue mkoba, nikaeleza kila kitu kwa Mkuu nimesimama, hata habari ya karatasi ya vitafunio. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Karani, kaa na mama yako asubuhi, njoo mchana." Akarudi kwenye majalada yake.

Kwa hiyo sasa asubuhi nipo nyumbani, na Jumanne wiki iliyopita nilichelewa kutoka, ndiyo maana nililiona hili. Saa yako ilipokaribia, Mama alitoka chumbani bila blauzi ya kijani. Alikuwa na gauni la kulalia, lile la zamani lililofifia, nywele kama alivyoamka. Akakaa kwenye kiti. Ngao nyekundu. Akabonyeza Ruhusu.

"Mama, hukuvaa."

"Nimesikia alivyosema daktari."

Kitaa kikawaka. Alikaa akiitazama kamera yenyewe, si gazeti. Halafu akashika ukingo wa meza na kukisukuma kiti nyuma. Kiti kililia kwenye sakafu. Akasukuma tena, nami nikataka kwenda kumsaidia, akanizuia kwa kiganja. Akakisukuma mpaka akaonekana wote, beseni, miguu, na mikono aliyoiweka juu ya magoti. Alikaa hivyo bila kujinyoosha mpaka kitaa kikazimika, na siku hiyo kilichelewa sana kuzimika.

"Sasa ifute," akaniambia. "Si karantini. Ifute kabisa. Akitaka kuniona tena, mlango anaujua."

Nimeifuta. Nilifuata kila hatua aliyonielekeza fundi nilipomrudia: nikaing'oa, nikafuta mabaki yake, nikawasha upya, nikakagua kompyuta nzima. Ngao ni ya kijani na feni imetulia. Chumba kimekuwa kimya kiasi kwamba hata nikiwa jikoni namsikia Mama akipumua.

Sijui kama uliona. Sijui kama siku hiyo ulikuwa kwenye ngazi. Niandikie hata mstari mmoja.

Mdogo wako,
Mhuri


Kazini,
25 Juni

Mhuri,

Niliona.

Nilikuwa kwenye ngazi, chakula mapajani. Mwanzo nilidhani ni mtu mwingine amekaa kwenye kiti cha Mama. Halafu kiti kikarudi nyuma.

Miguu kama ile naiosha kila siku. Najua rangi ile maana yake nini, na najua inachukua muda gani kufikia pale. Mtoto wa mzee yeyote wa hapa angenipigia simu, ningemwambia kwa kumtazama tu. Wa kwangu nilimtazama mwaka na zaidi nikamwona mzima, kwa sababu nilikuwa nataka kumwona mzima, na yeye alilijua hilo.

Jumapili sikupiga. Nilishika simu, nikaiweka chini.

Ulikuwa ukiniuliza nakuja lini, na mimi nakujibu vibali. Ukweli ni kwamba kibali changu kimefungwa na kazi hii. Nikiondoka kabla ya mkataba kwisha, nacho kinaisha, na sitarudi. Nilikuwa nasubiri mkataba. Nilidhani tuna muda, nilikuwa nauona muda huo kila mchana, umevaa hereni.

Jana nilikwenda kwa msimamizi. Akaniuliza kama naelewa ninachokiacha. Nikamwambia naelewa. Nimempa mwenzangu koti langu zito. Yule mwalimu mstaafu nilimuaga mara mbili, akanisahau mara mbili, akaniambia nisichelewe kurudi shuleni.

Barua hii itanitangulia kidogo tu. Vidonge vyake vya maji vya asubuhi umpe kabla hajanywa chai, na alale amenyanyua kichwa, mwekee mito. Usimwache ainame.

Na siku ninayofika usimwambie. Akijua, atavaa.

Dada yako